Gari la shule likienda uwanja wa mbio: Kagueni matairi kabla ya Jumatatu

JUMAPILI linazunguka uwanja wa mbio, Jumatatu asubuhi linapeleka watoto shule. Ndivyo yanavyoishi magari mengi ya familia katika nchi ambazo mtu wa kawaida anaweza kulipa kiingilio na kuendesha gari lake mwenyewe mahali wanaposhindania madereva wa kulipwa.

Mwenye gari hurudi nyumbani amechangamka, simu imejaa picha na video za kuonyesha. Gari limeoshwa, linang'aa. Wasichokiona waliobaki nyumbani ni kwamba sehemu ya mpira wa matairi imebaki kwenye lami ya uwanja, na kilichosalia ndicho kitakachotegemewa kushika breki mvua ikinyesha nje ya geti la shule.

Hakuna anayesema mchezo huu uachwe. Kijana mwenye hamu ya mwendo ni heri aende uwanjani kuliko kukimbizana usiku barabarani, maana uwanjani hakuna bodaboda, hakuna mwanafunzi anayevuka, na magari yote yanaelekea upande mmoja. Lakini familia yenye gari moja linalofanya kazi mbili inapaswa kujua matairi yanaisha vipi, yanalindwaje, na lini yaondolewe bila ubishi.

Barabara ya kulipia yenye kona 73

Mahali panapojulikana zaidi kwa jambo hili ni Nürburgring, katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1927. Njia yake ndefu, Nordschleife, ina kilomita 20.8 na kona 73, na kutoka bondeni hadi sehemu ya juu kabisa kuna mwinuko wa karibu mita 300.

Jackie Stewart, bingwa wa dunia mara tatu kutoka Scotland, ndiye aliyeipa jina la "Jehanamu ya Kijani". Niki Lauda aliungua vibaya hapo Agosti 1, 1976, na baada ya mwaka huo mbio za Formula 1 hazikurudi tena kwenye njia hiyo.

Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya kampuni za magari, njia hiyo hufunguliwa kwa umma. Kisheria huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani zinafuatwa. Gari lazima liwe halali kutembea barabarani, matairi yakiwemo. Kupimana muda hakuruhusiwi.

Kwa hiyo baba anaweza kuegesha gari lilelile lililobeba mabegi ya shule Ijumaa, akatoa viti vya watoto, akalipia mzunguko mmoja na kuingia. Akigonga kingo za chuma, bili ya kuzitengeneza humfuata yeye. Mikataba mingi ya bima pia ina kipengele kinachokataa ajali za mahali kama hapo. Kipengele hicho kinasomwa kabla ya kwenda, na ni vizuri wakisome wawili, mume na mke, kwa sababu hasara ikitokea ni ya nyumba nzima.

Huku kwetu hamu ya namna hiyo ipo pia. Kenya wana mashindano ya kukimbia na muda kwenye lami yaitwayo KiambuRing, na jina lenyewe linaonyesha macho yameelekea wapi. Subaru zilizotumika Japani, ambazo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam huzipenda, nyingi ni magari ya familia kwa asili yake: milango minne, buti kubwa, na nafasi ya kiti cha mtoto nyuma.

Joto ndilo mlaji

Katika safari ya kawaida tairi hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Anayepeleka watoto shule hukanyaga breki taratibu na kukata kona kwa mwendo mdogo. Uwanjani kila breki na kila kona hudai kila kitu tairi ililonalo. Msuguano huo huzaa joto, na joto ndilo linalomaliza mpira.

Tairi la barabarani limetengenezwa lishike vizuri hata asubuhi ya baridi, kisha lidumu. Likizidishiwa joto, mpira wa juu hulainika mithili ya ubani uliotafunwa na gari huanza kuteleza kama limepita kwenye mafuta. Dereva mgeni huona gari halikati kona, naye huongeza kukunja usukani. Tairi la mbele linaburuzwa badala ya kuviringika, joto linapanda zaidi, na mpira unaondoka kwa vipande.

Seti ambayo ingefanya kazi ya nyumbani kwa miaka miwili au mitatu inaweza kumalizwa kwa siku chache za namna hiyo. Gharama hii ndiyo huwa haitajwi wakati wa kuombwa ruhusa nyumbani. Kinachotajwa ni kiingilio na mafuta.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba tairi jipya kabisa ndilo huumia upesi. Kashata zake ni ndefu, karibu milimita 8, kwa hiyo zikibebeshwa uzito hupinda huku na huku, na huko kupinda huzaa joto ndani ya mpira. Kingo za kashata hunyofoka. Ndiyo maana wazoefu, siku ya jua kali, hupenda kuingia na tairi lililokwisha kutembea kidogo barabarani. Siku ya mvua hesabu inageuka, kwa sababu mifereji kati ya kashata ndiyo inayotoa maji. Tairi lililobakiwa na kidogo hupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami.

Magari yanayovutwa na matairi ya mbele, ambayo ndiyo mengi kwenye maegesho ya shule, yana tatizo lake. Matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na wakati wa breki uzito wa gari huyaegemea. Mbele yanaweza kuwa yameisha wakati ya nyuma yanaonekana kama ya dukani.

Kisha kuna upande. Nordschleife huzungukwa kwa kufuata mwelekeo wa saa, na kona za kulia ni nyingi kuliko za kushoto. Gari likikata kulia, uzito hulala kushoto. Ukitaka kujua gari limefanya nini, anza na tairi la mbele kushoto.

Bega la tairi

Fundi wa tairi akikuambia "bega limeisha" anazungumzia ukingo wa nje, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Gari la familia limewekewa springi laini ili abiria wasirushwe. Kwenye kona kali hulala upande, na tairi hukanyagia bega badala ya uso wake wote. Katikati kunaweza kuwa na kashata za kutosha huku begani nyuzi zimeanza kuchungulia.

Kuna njia rahisi ya kujua tairi linalala kiasi gani, nayo ni ya bei ya chaki. Kabla ya kuingia, chora mstari kuanzia usoni mwa tairi, pita begani, teremka ubavuni. Ukitoka, tazama chaki imefutika hadi wapi. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu karibu na bega. Mstari ukifutika kupita alama hiyo, tairi linakanyagia ubavu. Huenda upepo ni mdogo mno, au dereva anaingia kwenye kona kwa mwendo uliozidi.

Wengine huenda gereji wakaomba matairi yainamishwe, yaani sehemu ya juu iingie ndani kidogo kuliko ya chini, ili gari likilala tairi likae bapa. Hilo husaidia kweli. Lakini matairi yanayotazamana vibaya baada ya kazi hiyo huisha upande wa ndani hata kwa safari za sokoni, na upande wa ndani haumo machoni pa mtu anayesimama kando ya gari. Yeyote aliyegusa mpangilio wa matairi na apime tena kwenye mashine ya alaimenti, kisha achungulie ndani akiwa na tochi.

Upepo wa uwanjani si upepo wa kurudi nyumbani

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii, na ndipo mzazi anapopaswa kusoma polepole.

Upepo ndani ya tairi hupanda na joto, takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi. Chukua mfano wa gari lililojazwa PSI 32 asubuhi, nyuzi 15. Baada ya mizunguko michache hewa ya ndani ikifika nyuzi 60, geji itasoma 39 hivi. Kwa upepo huo tairi huvimba katikati, sehemu inayogusa lami hupungua, na gari hupoteza mshiko.

Basi dereva hufanya kinachofaa: akitoka tu, kabla tairi halijapoa, hupima na kupunguza hadi kiwango anachokitaka, tuseme 34. Gari linakaa vizuri tena. Jioni inafika, anaagana na wenzake, anawasha gari.

Sasa matairi yamepoa. Ile 34 ya moto, hewa ikirudi nyuzi 15, inakuwa kama 27. Mbele yake kuna barabara kuu, pengine saa mbili za mwendo mkubwa, pengine na mke na watoto waliokuja kutazama, pamoja na mizigo. Tairi lenye upepo mdogo hukunjana ubavuni kila linapozunguka, ubavu hupata joto, na tairi lililokwisha kuteswa mchana kutwa linaweza kupasuka. Safari ya kurudi inaweza kuwa ya hatari kuliko mizunguko yote ya siku ile.

Dawa yake ni ndogo: geji ya kuaminika na pampu ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya gari. Vyote viwili vinaingia chini ya kiti. Kabla ya kuondoka, matairi yakiwa yamepoa, upepo unarudishwa kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kama gari limejaa watu na mizigo, kiwango cha mzigo kilichoandikwa hapohapo. Namba kubwa iliyo kwenye ubavu wa tairi siyo hiyo. Ile ni kiwango cha juu kabisa cha tairi lenyewe.

Wapo wanaojaza naitrojeni wakiamini haipandi. Nayo hupanda. Faida yake kubwa ni kwamba ni kavu, haina unyevu unaoyumbisha kipimo.

Mikono na miguu ya dereva

Hakuna kifaa kinachookoa matairi kuliko dereva mwenye subira. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha matairi joto, wa mwisho ni wa kuyapoza, na katikati dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa gari la kawaida. Gari zito lenye viti saba linahitaji chache kuliko hizo. Nordschleife yenyewe humpa mtu pumziko bila kuombwa, kwa sababu siku za umma kila mzunguko huishia kwa kutoka na kupita tena kwenye kizuizi cha malipo.

Breki ishikwe gari likiwa limenyooka, iachiwe taratibu usukani unapoanza kukunjwa. Anayeshika breki kwa nguvu na kukata kona kwa wakati mmoja analiomba tairi lilelile kazi mbili. Na masikio ni muhimu. Tairi likilia kwa sauti ndogo kwenye kona, linafanya kazi. Likipiga kelele mfululizo, linasagika.

Gari likianza kuteleza pale ambapo dakika tano zilizopita lilikuwa linashika, matairi yamechoka. Kupunguza mwendo kwa mzunguko mmoja huweza kuyarudisha. Wengi huona aibu kupunguza wakati wenzao wanawapita, na ni katika dakika hizo matairi ya shilingi nyingi huharibika bila sababu.

Uzito nao unahesabika. Spea, jeki, vifaa, mwavuli, vinyago, chupa ya maji ya mtoto iliyojificha chini ya kiti, vyote hutolewa kabla ya kuingia. Chupa inayoviringika hadi chini ya kanyagio la breki ni hatari kuliko tairi lolote. Watoto wabaki nje ya kingo, hata pale kanuni inaporuhusu abiria.

Seti mbili au seti moja?

Kwa familia inayomudu, jibu zuri ni rimu nne za ziada zenye matairi ya uwanjani, na yale ya nyumbani yasiguse kabisa lami ya mbio. Mwanzoni linaonekana ghali. Lakini mpira haumaliziki mara mbili: kile kinachoisha upande mmoja hakiishi upande wa pili, na Jumatatu haianzi na wasiwasi.

Anayenunua atakutana na maandishi ya Treadwear ubavuni, yakifuatiwa na namba kama 200, 300 au 500. Ni kipimo cha Marekani cha uchakavu kinacholinganishwa na tairi la mfano lililopewa 100. Namba ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Michelin Pilot Sport 4S, kwa mfano, ina 300. Zenye 200 au chini yake hushika sana lakini huisha upesi. Namba hizo hutolewa na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo zinafaa zaidi kulinganisha tairi mbili za kampuni moja kuliko za kampuni tofauti.

Tairi laini la uwanjani lenye kashata fupi lisigeuzwe la kila siku kwa hoja kwamba "bado zuri". Kwenye baridi hugoma kushika, na kwenye maji yaliyotuama ni la kuogopwa.

Anayetumia seti moja anaweza angalau kuhamisha ya mbele kwenda nyuma baada ya kila siku ya uwanjani, ili yaishe pamoja. Yenye mshale wa mwelekeo yabaki upande wake. Yaliyoandikwa "OUTSIDE" ubavuni, maandishi hayo yatazame nje daima. Ila tairi lililoumia begani halihamishiwi nyuma kufichwa. Gari likipoteza mshiko nyuma kwenye mvua huzunguka, na kulirudisha si kazi ya dereva wa kawaida.

Ukaguzi wa Jumapili jioni

Ukaguzi huu haudai utaalamu, na si lazima ufanywe na aliyeendesha. Pengine ni bora ufanywe na asiyeendesha, kwa kuwa hana hamu ya kuyatetea matairi.

Ulaya kiwango cha chini cha kisheria cha kashata ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vinavyoonyesha kiwango hicho. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, hushauri tairi la kiangazi libadilishwe mapema zaidi, likiwa limebaki na milimita 3. Kwa gari linalobeba watoto, kufuata ADAC ni busara kuliko kungoja sheria.

Pitisha kiganja taratibu usoni na begani mwa kila tairi, nje na ndani. Unatafuta vipande vilivyonyofoka, malengelenge, nyuzi au waya, na uvimbe ubavuni. Uvimbe hutokana na nyuzi za ndani kukatika, mara nyingi baada ya kupanda kingo za kona. Hakuna gundi wala kiraka cha kutibu hilo. Tairi hilo halitembei Jumatatu, hata kama kashata zimejaa.

Mzazi anayenunua matairi ya mtumba afanye ukaguzi huohuo, kwa sababu muuzaji hawezi kujua tairi lilipita wapi. Mpira ulioviringika kama vinyweleo begani, rangi ya samawati au kahawia isiyo ya kawaida usoni, na upande mmoja ulioisha kuliko mwingine ni dalili za tairi lililofanyishwa kazi ngumu. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likipashwa joto na kupoa mara nyingi hukakamaa, likawa na sura nzuri na mshiko mbaya.

Mwisho ni nati. Magurudumu yaliyofunguliwa na kufungwa uwanjani hukazwa kwa spana ya kipimo, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana joto la breki huzilegeza. Viti vya watoto navyo vilivyotolewa asubuhi virudishwe mchana kweupe na kutikiswa kwa nguvu hadi visicheze, siyo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi huku kengele ya shule ikisubiri.